Vitabu vya Habari za Kale kwa Watoto Wetu Nyumbani

Liko swali ambalo wainjilisti wa sharika za Vunjo hutuletea mara kwa mara, nalo latoka hasa kwa watu wa Himo. Himo ni njia panda. Barabara moja yapanda Marangu na kuendelea mpaka Rombo, nyingine yaenda Holili na Taveta, nyingine Moshi, nyingine yashuka Upareni na kwenda zake Pwani. Watu waliojenga pale wametoka Kilema, Kirua, Mamba, Marangu, Mwika, Rombo na Upare, nao wameoana. Kwa hiyo nyumba nyingi zina baba Mlutheri wa Mamba na mama aliyebatizwa na mapadre wa Kilema, au kinyume cha hayo. Wazazi hawa wauliza hivi: Tukitaka kuwasomea watoto habari za kale jioni, tushike kitabu gani? Maana babu wa upande mmoja ameleta kitabu kimwitacho Martin Luther mwasi aliyelipasua Kanisa kwa kiburi, na babu wa upande wa pili anacho kingine kisemacho kwamba kabla ya Luther giza lilikuwa tupu na Kristo hakujulikana. Mtoto avisoma vyote viwili, kisha auliza mbele ya wazee ni babu yupi asemaye uongo.

Shida hii si ya Himo peke yake. Huko Marekani ziko jamaa za Kikatoliki ambazo haziwapeleki watoto shuleni kabisa, bali baba na mama huwafundisha wenyewe nyumbani. Nao wasumbuka kwa jambo hili hili, kwa kuwa vitabu vingi vya historia vya nchi yao viliandikwa zamani na Waprotestanti, na Papa hutajwa humo kama adui tu. Wengine wamekwenda upande wa pili, wakachagua vitabu ambavyo ndani yake Mkatoliki hakosi kamwe. Kwetu sheria yataka kila mtoto asome shule ya msingi, na tangu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 wanafunzi wamewekewa somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Hilo ni jema. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kumweleza kila mmoja habari za ukoo wake na za kanisa lake. Sehemu hiyo ni ya nyumbani, na Maandiko yaiweka nyumbani. Katika Yoshua sura ya 4 mawe kumi na mawili yatolewa katika Yordani, yasimamishwe mahali ambapo watoto watayaona na kuwauliza baba zao maana yake. Walioagizwa kujibu ni akina baba.

Wako wasemao kwamba mtoto wa Kikristo atosheke na Biblia na Katekisimo, na habari za wafalme na vita ziachwe. Luther hakufikiri hivyo. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani barua ya kuwahimiza wafungue shule, na karibu na mwisho asema juu ya vyumba vya vitabu. Humo avitaja vitabu vya habari za kale, vya lugha yo yote, kuwa kati ya vile vya kutafutwa kwanza, maana kwavyo mtu huona jinsi ulimwengu uendavyo na jinsi Mungu atendavyo ndani yake. Tena alalamika kwamba Wadachi hawakuandika habari zao wenyewe, na kwa hiyo mataifa mengine hawawajui. Mchaga angeweza kutia sahihi yake chini ya maneno hayo. Mwaka 1538, akiandika dibaji ya kitabu cha historia cha Mwitalia mmoja, Luther alisema kwamba mwandishi wa historia yampasa kuwa na moyo wa simba, kwa kuwa wengi huandika ili kuwapendeza mabwana zao au marafiki zao. Basi tukivipima vitabu vya upande wetu kwa kipimo hicho, twatii ushauri wake.

Kwanza tutazame Biblia yenyewe, maana ndani yake mna vitabu viwili vya habari za mfalme mmoja. Soma 2 Samweli sura ya 11: Daudi akaa Yerusalemu wakati jeshi lake limezingira Raba, amtwaa mke wa Uria, kisha amwua Uria kwa barua. Sasa soma 1 Mambo ya Nyakati sura ya 20. Vita ni vile vile, mji ni ule ule, naye Daudi akaa Yerusalemu vile vile. Lakini habari ya Bath-sheba na Uria haimo. Mwandishi wa pili hakusema uongo. Alikuwa na shabaha nyingine, naye alitaka kuonyesha hasa hekalu na ibada na ukoo wa kifalme. Lakini mtoto aliyesoma Mambo ya Nyakati peke yake hataelewa kwa nini Zaburi ya 51 ina toba kali namna ile. Twawashauri wainjilisti walifanye jambo hili kuwa somo la jioni moja: watoto wakubwa wapewe sura hizo mbili, watafute wenyewe kilichoachwa. Wakishazoea kuuliza swali hilo kwa Maandiko, watajua kuliuliza kwa kitabu kingine cho chote.

Kutokana na hayo twapata njia rahisi ya kukijaribu kitabu kabla ya kukinunua. Usianze na jalada wala picha. Kifungue pale ambapo watu wa upande wa mwandishi walikosa, uone asemavyo. Kikiwa ni kitabu cha Kilutheri, tafuta mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi na Luther akawaandikia wakuu maneno makali mno ya kuwapiga. Tafuta na mwaka 1543, alipoandika juu ya Wayahudi maneno mabaya ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakana hadharani katika nyakati zetu. Kitabu cha mtoto mdogo hakina haja ya kueleza yote hayo. Lakini kitabu cha kijana wa miaka kumi na mitano kikiyaruka, kijana atayakuta kwingine, kwa mtu asiyempenda, na siku hiyo atadhani kwamba alidanganywa na wazazi wake. Kikiwa ni kitabu cha Kikatoliki, tazama habari za vyeti vya msamaha vilivyohubiriwa na Tetzel, tena tazama Jan Hus, aliyechomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415 ingawa alikuwa amepewa barua ya kumlinda safarini. Papa Yohane Paulo II mwenyewe alionyesha masikitiko yake kwa kifo hicho mwezi wa Desemba 1999. Kwa hiyo mwandishi wa Kikatoliki wa leo anayeificha habari ya Hus amekuwa na woga kuliko Papa.

Jaribu la pili ni kutazama kama mwandishi hutenga yaliyo hakika na yaliyosimuliwa tu. Karibu kila kitabu cha watoto wa Kilutheri kina picha ya Luther mwenye nyundo mlangoni pa kanisa la Wittenberg. Lililo hakika ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz barua pamoja na zile hoja 95. Habari ya mlango tumeipata kwa Melanchthon, aliyeiandika baada ya Luther kufa mwaka 1546, na wataalamu hawajapatana juu yake. Hatusemi picha ichanwe. Baba aseme tu: Hivi ndivyo ilivyosimuliwa. Vile vile si kweli kwamba kabla ya Luther hapakuwa na Biblia ya Kidachi. Ilikwisha kupigwa chapa Strassburg mwaka 1466, na nyingine baada yake. Tafsiri ya Luther ya Agano Jipya, iliyotoka Septemba 1522, ilishinda kwa kuwa ilifuata Kigiriki na kwa kuwa lugha yake ilikuwa lugha ya watu wa sokoni na nyumbani. Sifa hiyo yatosha, haihitaji kuongezewa.

Lakini kwa watoto wa Afrika ya Mashariki hakuna habari ipimayo kitabu vizuri kuliko ya mashahidi wa Uganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo, wengi wao watumishi wa jumba lake, na siku iliyo kuu ni tarehe 3 Juni 1886, walipochomwa moto huko Namugongo. Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 ni 22. Waanglikana nao wanakumbuka mashahidi wao 23 wa siku zile zile. Waliungua mahali pamoja, wengine katika moto mmoja. Hata hivyo viko vitabu vya Kikatoliki vinavyotaja hao 22 tu, na vya Kiprotestanti visivyomtaja Karoli Lwanga hata kidogo. Papa Paulo VI mwenyewe katika siku ile ya mwaka 1964 aliwataja na Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Tena kabla ya hao wote, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa alikuwa amewaua vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama ambayo haikuchinjwa kwa desturi yao. Kitabu kinachosema na hilo ni adimu, nacho ni cha kutunzwa.

Habari haiishi hapo, na hapa ndipo vitabu vingi hufunga mlango. Miaka sita tu baada ya moto wa Namugongo, tarehe 24 Januari 1892, Wakristo wa Uganda walipigana wao kwa wao huko Mengo. Upande wa Kikatoliki waliitwa Wafransa, na upande wa Kiprotestanti Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, nao wakashinda. Kati ya waliopigwa risasi siku ile na waliopiga walikuwamo ndugu na rafiki za mashahidi. Je, mtoto aambiwe? Twaona kwamba mtoto wa miaka minane aambiwe habari ya Namugongo, na akifika kumi na miwili aambiwe na ya Mengo, wala asiachwe afike kidato cha nne bila kuijua. Kwa jamaa yenye ubatizo wa pande mbili, kama hizo za Himo, sura hii yafaa kuliko hotuba nyingi juu ya umoja.

Sasa turudi mlimani kwetu. Vitabu vingi huanza hivi: mwaka 1848 Rebmann aliuvumbua mlima Kilimanjaro. Johannes Rebmann, Mdachi wa Württemberg aliyetumwa na misioni ya Kiingereza ya CMS, aliiona theluji tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kutoka Rabai; na wasomi wengine wa London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ushuhuda wake ni wa kweli na wa heshima. Lakini hakutembea peke yake. Kiongozi wa safari aliitwa Bwana Kheri, naye hakulipa lile jeupe jina jingine ila baridi. Na huko juu watu walikuwa wakilima migomba na kuchimba mifereji tangu vizazi vingi. Mtoto akisoma neno kuvumbua, mwulize: Masaki, Mangi wa Kilema aliyempokea Rebmann, alikuwa hajauona mlima? Atacheka, na kwa kicheko hicho amekwisha kujifunza. Vivyo hivyo Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Kitabu cha Meyer mwenyewe kinamtaja Muini Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu penye baridi, na watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo. Kitabu chenye majina mawili ya Wazungu bila jina la mtu mwingine kimeandikwa nusu.

Liko jambo gumu zaidi, nalo latuhusu sisi Walutheri. Historia fupi za kanisa letu husema kwamba mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame, na Injili ikaanza. Tarehe ni ya kweli. Ila CMS walikuwapo Moshi tangu 1885, na mapadre wa Roho Mtakatifu Kilema tangu 1891. Tena mwezi wa Juni 1892 Mangi Meli wa Moshi, kijana aliyemrithi Rindi mwaka uliotangulia, aliwashinda askari wa Kidachi, na kiongozi wao von Bülow akafa. Maofisa waliwashutumu Waingereza wa CMS kwamba wanampendelea Meli, nao wakaondoka. Agosti 1893 von Schele alikuja na jeshi kubwa, akamshinda Meli. Baada ya hayo ndipo watu wa Leipzig walipofika. Walikuja na Neno, na wengi wao walilitumikia kwa uaminifu mpaka kufa. Lakini njia ilikuwa imesafishwa kwa bunduki, na watu wa mlimani waliliona hilo kwa macho yao.

Mtoto asipoambiwa hayo, hataelewa habari ya Akeri. Ovir na Segebrock waliuawa huko Meru usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, pamoja na Wachaga waliofuatana nao, na kanisa letu huwakumbuka kuwa mashahidi. Twaafiki wakumbukwe. Lakini Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi karibu, na kwa Wameru Mzungu wa hema hii na Mzungu wa hema ile walikuwa kitu kimoja. Kisha Johannes aliwashukia Wameru na Waarusha kwa adhabu, akaua watu wengi, akachoma na kuteka ng'ombe, na wapiganaji wa Kichaga walikwenda pamoja naye. Kitabu kinacholia kwa ajili ya wawili na kunyamaza juu ya hao wengi kisitumike bila mzazi kukaa karibu na kuongeza kilichoachwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko Moshi ya Kale, na pamoja naye Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine. Wazee wa Moshi husimulia kwamba Marealle wa Marangu ndiye aliyewachongea kwa Wadachi. Wazee wa Marangu husimulia kwa namna yao. Kati ya jamaa za Himo wako walio wajukuu wa pande zote mbili. Hapa hatuwezi kuwapa wazazi kitabu kimoja cha kumaliza shauri, wala hatudhani ni vema kulimaliza. Wasomewe kwanza lililo hakika, yaani nani alitoa amri na nani aliyekufa. Kisha wasikilize babu na bibi wa pande zote, huku wakijua kwamba hayo ni masimulizi. Wazee hutaja pia kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ulaya. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba uchunguzi umewatambua ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu ambao mafuvu yao yalichukuliwa Kilimanjaro zamani zile. Kichwa cha Meli hakikuwamo. Jambo hili si hadithi iliyopoa.

Juu ya vitabu vyenyewe twasema machache. Asili na Habari za Wachaga cha Charles Dundas, kilichotoka mwaka 1932, kiliandikwa na mtawala Mwingereza aliyewapenda wenyeji, basi kisomwe kama neno la mgeni rafiki. Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, cha mwaka 1947, ni cha mwenyeji, tena cha mtu wa nyumba ya kimangi. Mila zielezwazo humo ni hasa za upande wa Marangu, na mtu wa Kibosho au Machame ataona tofauti. Kwa vijana wasomao Kiingereza kiko kitabu kikubwa cha Kathleen Stahl cha mwaka 1964, kilichotumia sana madaftari ya mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu. Mtui aliandika habari za nchi za Wachaga wakati ambapo wengi walidhani ni kazi ya Wazungu tu. Watoto wa walimu wetu wajue jina lake. Na anayetaka kuona jinsi Mwafrika alivyoandika kwa Kiswahili kizuri, atafute Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Yeye alikuwa Mwislamu, na waliokipiga chapa kwanza walikuwa wamisionari wa UMCA huko Magila, jambo linalotupendeza.

Vitabu hivi ni vigumu kupatikana. Kwa hiyo jamaa nne au tano zaweza kushirikiana, kila moja inunue kimoja, vizunguke. Nyumba ya baba Mlutheri na mama Mkatoliki ingekuwa vema iwe na kimoja cha kila upande, na mzazi akisome chote kwanza, akitia alama ya kalamu ya risasi pale atakapotaka kusimama na kueleza. Wala wasiishie katika magomvi ya karne ya 16. Wawasomee kwamba tarehe 31 Oktoba 1999 huko Augsburg Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na kwamba mwaka 2016, siku ile ile ya Oktoba, Papa Fransisko alisali huko Lund pamoja na wakuu wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni. Wawaambie pia kwamba Novemba 1955 Walutheri kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Marangu, mwendo mfupi tu kutoka Himo.

Yaliyobaki hayamo katika kitabu cho chote, ila katika vichwa vya wazee. Machi 1916 majeshi ya Smuts yalipigana na Wadachi katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, kisha yakapita nchi hii ya chini kwenda Moshi. Mwaka 1920 wamisionari wengi wa Kidachi walifukuzwa, na miaka kadhaa sharika zilichungwa na walimu Waafrika, ambao historia zetu huwapa mstari mmoja au miwili. Kila mtoto wa miaka kumi na zaidi apewe daftari, aende kwa wazee wa ukoo wake wa pande zote mbili, aulize: Nani alibeba mizigo ya askari katika vita ile? Nani alifundisha hapa wamisionari walipoondolewa, naye alilipwa nini? Aandike jina la mzee na tarehe ya mazungumzo, kisha mwinjilisti alinakili daftari na kuliweka pamoja na vitabu vya ubatizo vya usharika.